Mkono Wangu Mbele ya Chupa

Mdogo wangu mpendwa,

Herufi hizi zimelala kama mtama uliopigwa na upepo, maana naandika kwa mkono wa kushoto. Usizicheke. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa kijiti mchangani, kila uliporudi kutoka shule ya misheni, nami nikilalamika kwamba hii ni kazi ya wavivu.

Barua yako ya Dar es Salaam imenifikia hapa Mpwapwa. Unasema unakuja na mashine mpya ya mwanga, unaomba niwakusanye kina mama wenzangu wapiga ngoma za muheme, “kwa kuwa watu wanakuamini, dada.” Ama kweli una macho makavu!

Unakumbuka mara ya kwanza? Yule mtaalamu wa Kijerumani, tuliyemwita Bwana Chupa kwa ajili ya chupa yake ya kioo, alitaka nyumba yenye giza mchana. Ukampeleka kwenye tembe la mama. Mlango ukazibwa, chupa ikawaka kijani, nikaweka mkono mbele yake, na kivuli cha mifupa yangu kikatokea kwenye ubao wake unaong’aa gizani. Watu nusura wakimbie. Bibi mmoja akalia, “Jamani, huyu amekufa lini?” Nikapiga muheme hewani kwa vidole, mifupa ikacheza, tembe zima likaangua kicheko.

Nawe, mkalimani wake, ukaeleza. Mungu wangu, ulijua kueleza! “Nyama ni kaniki kuukuu, mwanga unapenya. Mfupa ni gogo, mwanga unakwama. Mnachokiona ni kivuli cha gogo.” Hakuna aliyetoka bila kuelewa. Nilijivuna mpaka nikawaudhi majirani.

Lakini chupa ile ilikuwa na vituko. Leo ina nguvu, kesho hafifu. Kabla ya kazi ilibidi mtu aweke mkono, Bwana Chupa atazame mifupa inavyoonekana, ndipo ajue mwanga umekaa sawa. Huko kwao, ulisema, wataalamu hutumia mikono yao wenyewe. Yeye alitumia wangu. Msalato, Haneti, kote tulikopita. Nilipouliza mbona havui glavu, ukanijibu, “Wazungu hao, dada, wanaogopa vumbi.” Ngozi ilipowasha ukasema ni upupu. Kucha zilipong’oka uliniletea mafuta ya nyonyo, ukanipaka mwenyewe, taratibu, huku ukiimba wimbo aliotubembelezea mama. Hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Siku mlipofunga mizigo kwenda pwani, Bwana Chupa aliuona mkono wangu bila kitambaa. Akavua glavu. Vidole viwili havikuwepo.

“Mimi sema kwa ndugu yako,” akaniambia kwa Kiswahili chake kibovu. “Siku ya kwanza. Mwanga choma. Yeye sema, dada anajua, dada anakubali.”

Nikakutazama. Ukawageukia wapagazi, ukaanza kuwagombeza kwa ajili ya kamba.

Yeye naye simwondolei lawama. Alikuwa na macho, na mkono ule aliutazama kila asubuhi. Lakini yule ni mgeni, alikuja akaondoka. Wewe nami tumenyonya ziwa moja. Uliogopa kwamba nikikataa hatakuchukua kwenda naye pwani? Ungeniambia, mjinga wewe! Pengine ningekubali mara moja mbili kwa ajili yako. Hukunipa hata nafasi ya kukataa. Umenisaliti, na neno laini zaidi ya hilo sina.

Mganga wa misheni amenikata vidole vitatu na kidonda bado hakifungi. Wenzangu wakipiga muheme, mimi nakaa pembeni nikiitikia. Mama nilimwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akaendelea kupepeta uwele.

Basi njoo. Kina mama nimewakusanya, kama ulivyotaka. Waeleze habari ya kaniki na gogo, maana ni kweli na sitaikana. Ukimaliza, nitasimama niufungue mkono huu, niwaeleze sehemu uliyoiruka. Na chupa ikitaka kujaribiwa, usihangaike kutafuta mtu. Utaweka mkono wako wa kulia, nami nitakuwa mbele kabisa, nikitazama.

Mungu akulinde njiani, ufike mzima,

Dada yako wa tumbo moja