Kopo la Unga wa Tibeti

Baba Vestina,

Maharage yapo jikoni, pasha moto tu. Kuku wafungie mapema.

Mimi na Vestina tumeondoka na mama yako kwenda kwake Kasanda. Asubuhi ulipomwambia mbele ya mgeni kwamba majani yake ni ushamba, na kwamba mzio wako wa ngozi umeponywa na unga wa Tibeti ulionunua Kasulu, alikunja kanga zake akaaga.

Ule unga niliumwaga kwa bahati mbaya siku ya pili baada ya wewe kuununua, nikaogopa kukwambia. Mama ndiye aliyetwanga majani ya mubirizi, ule mti mchungu wa nyuma ya choo, akajaza kopo. Huo ndio unaojipaka mwezi mzima.

~~Tutarudi Jumapili.~~ Tutarudi ukija kutuchukua. Uje na kopo. Mama anasema litakuwa limekaribia kuisha.

Mama Vestina