Kompreseri ya Kibenga au ya Jabe?

Mpendwa Mama Odette, nisaidie kabla mke wangu hajafunga mizigo, maana mimi Atumani, muuza vitambaa hapa mtaa wa Asiatique, sijui tena shida yangu niipeleke kwa fundi au kwa imamu. Marehemu baba aliniachia Mercedes nyeupe ya zamani, maharusi wengi wa Buyenzi wameipanda, na kilichowavutia ni klimu, ile baridi ya ndani, kwa hiyo mimi, ili baridi isitoroke, niliziba vioo vyote kwa gundi, na watu walinisifu mpaka siku ya harusi ya Assia, mdogo wa mke wangu Khadidja, ambapo kompreseri, ile pampu inayosukuma gesi ya baridi, ilikwama kwa uzee tukiwa njiani, mkanda ukatoa moshi, nasi ndani tukaanza kuiva.

Hapo tukafika kwenye bariyeri. Askari akagonga kioo.

"Shusha kiyo."

Nikamwonyesha kwa mikono kwamba hakishuki. Akarudi nyuma, akaishika bunduki vizuri, maana siku hizi mtu asiyeshusha kioo ana sababu yake, nasi tukatoka mikono juu, bi harusi naye akatoka, wanja umemteremka mpaka kidevuni. Askari alimtazama sana, kisha akanigeukia.

"Uyu mutoto wa watu umemufanya nini?"

Akampa maji ya chupa yake anawe uso. Assia aliolewa, alhamdulillahi, lakini katika picha zote anaonekana kama mtu aliyetoka kuzika, na Khadidja ameapa kwamba binti yetu, atakayeolewa baada ya Idi, hataingia ndani ya gari hili. "Bora aende kwa miguu," alisema, na tangu siku hiyo ananisemesha kupitia watoto.

Sasa kwa sababu ya ambargo, nchi jirani zilivyotufungia biashara, hakuna piyesi mpya ya gari inayoingia, nami nimepata kompreseri mbili tu. Moja iko Kibenga kwa mjane anayeitwa Consolée, ambaye mumewe aliacha Mercedes kama yangu, imelala chini ya turubai tangu vita vianze, na kompreseri yake ni ya asili kabisa, ila kila nikienda kuiangalia mama huyo ananiambia, "Kaa kwanza ule," na samaki wake, mukeke wa kukaanga, Mama Odette, siwezi kukueleza. Nyingine iko Jabe kwa fundi Massoudi, ni ndogo, imetoka kwenye Hiace iliyogongwa, naye anasema lazima achomelee kishikizo kipya cha kuishikilia kwenye injini, na moyo unaniuma nikifikiria gari la baba likichomelewa kama kitanda cha chuma. Khadidja ameanza kuuliza kwa nini pampu moja inaangaliwa mchana kutwa na kwa nini shati langu linanuka samaki. Nichukue ipi?

Atumani, Asiatique

*

Atumani, pole kwa joto. Kwa mengine sikupi pole.

Watu mjini wanatafuta chumvi na petroli, wewe unatafuta baridi. Kwa hilo sikulaumu, harusi ni harusi, na vita visitunyime kila kitu. Lakini gundi kwenye vioo, mwaka huu, katika mji huu? Ungekutana na askari mwingine, barua hii ingeandikwa na Khadidja akiwa katika eda. Ikwangue leo, kabla hujala.

Kompreseri ya Kibenga imekaa miaka bila kuzunguka. Mpira wake wa kuzuia gesi umeshakauka, itavuja kabla ya Idi, na tena ni nzito, inakula nguvu za injini. Umewahi hata kuizungusha kwa mkono? Hujasema. Habari za samaki umeniandikia, za pampu hukuniandikia. Mama wa watu huenda anatafuta mtu wa kuongea naye tu, huenda anatafuta zaidi, na wewe unajua vizuri, ndiyo maana hujawahi kwenda na mke wako.

Chukua ya Jabe. Ni nyepesi na inazunguka bila kuichosha injini. Mwambie Massoudi asafishe mabomba kwanza, kwa sababu ile iliyokwama imeacha unga wa chuma ndani, na ukiunganisha nyingine juu ya uchafu huo nayo itakufa. Abadilishe kichujio, aweke mafuta yanayoifaa. Kishikizo akichomelee pembeni, mezani kwake, kisha akifunge kwa boliti kwenye matundu yaliyopo. Gari la baba yako halitaguswa na moto.

Kwa Consolée urudi mara moja tu, Khadidja akiwa pamoja nawe, mkamshukuru na kumwalika harusini. Kisha Khadidja akae kiti cha mbele, mzunguke mji saa za jua kali. Akisema kuna baridi, kuna baridi. Akisema hakuna, binti yako ataondoka na gari la mtu mwingine, nawe utasimama mlangoni umpungie mkono, ukiwa umevaa vizuri na umenyamaza.