Nao Waliomba Kuvushwa Mto

Baba,

Tangu asubuhi sijatulia. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nimeshuka kwa lifti, nikasimama kituoni kwenye kona ya barabara za Jane na Finch kama mtu mwenye safari, basi likaja, likafungua mlango, nikaliacha liende. Nimerudi ndani, nimechemsha chai, sijainywa. Kuna watu wanasubiri jibu langu, na mtu niliyetaka kumuuliza ni wewe, nawe umelala kaburini Kasulu tangu mwaka juzi. Ndiyo maana nakuandikia.

Chuo kimoja huko Ujerumani kimeniita nikafundishe. Ni kazi ya kudumu, Baba, si hii yangu ya hapa Toronto ya mkataba wa muhula kwa muhula, ambapo kila Aprili sijui kama Septemba nitakuwa na darasa. Wanataka nifundishe kile kile nilichosomea: Wagermani wa kale, walikotoka na walikohamia. Naliona paji la uso wako likikunjamana.

Unaikumbuka siku niliyokupigia simu kukueleza nimechagua kusoma nini? Ulikuwa umejiandaa kabisa kuwaambia majirani kwamba bintiyo atakuwa mwanasheria.

"Wajerumani?" ukauliza. "Wale waliomchukua babu yangu?"

"Wa zamani zaidi, Baba. Kabla hawajawa Wajerumani."

Kisha ukasema, taratibu, kwa lile jina uliloniita tangu nizaliwe kwa kuwa nina jina la mama yako: "Watu wote walioko duniani, Mama, umekosa wengine?"

Sikuweza kukujibu vizuri siku ile. Babu yako alitiwa kamba wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, akabebeshwa mzigo wa jeshi, na hakuonekana tena. Baba yako alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilikua nikiisikia habari hiyo, lakini shuleni kitabu chetu cha historia kilianza na Wajerumani wakiwa wameshafika pwani, wana bendera na bunduki, kana kwamba walizaliwa melini. Sisi ndio tuliokuwa na makabila. Wao walikuwa taifa tu, tangu na tangu. Nilitaka kujua walikuwaje walipokuwa makabila, walipokuwa na njaa, walipokuwa wakihama na ng'ombe wao na wazee wao bila kujua wanaishia wapi.

Mama alipofariki, nikakuleta huku. Ulifika theluji ikiwa inayeyuka, imechanganyika na matope kando ya barabara, ukaniuliza kama hicho ndicho kitu walichokuwa wakikisifia. Hukuweza kukaa. Ulifungua dirisha, ukafunga, ukazunguka jengo zima mpaka mlinzi akawa anakupungia mkono. Mwanangu Neema ulimsemesha Kiswahili naye akakujibu Kiingereza, na mkaelewana hivyo hivyo mchana kutwa. Ulisema mjukuu wako anakusikia vizuri, ila anatokea mlango mwingine.

Jikoni ukaanza kunihoji. Hao watu wako walitoka wapi hasa? Nikakuambia: wengi wetu tunadhani ni kaskazini, kusini mwa Skandinavia na nyanda za baridi zilizo chini yake. Walikuwa na majina mengi: Wagothi, Wavandali, Wafranki, Wasaksoni. Jina moja la kuwakusanya wote, hilo Wagermani, walipewa na Warumi. Baadhi yao walivuka bahari wakaingia kisiwani, na lugha yao ndiyo iliyokuja kuwa Kiingereza.

Ukaweka kikombe chini. "Kwa hiyo Waingereza nao ni wa huko huko?"

"Kwa lugha, ndiyo. Na wengi kwa asili."

"Basi sisi tumetawaliwa na ukoo mmoja mara mbili."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wewe hukucheka.

Halafu ikaja ile siku uliyosema utakuja darasani. Ulivaa koti langu kubwa, tukapanda basi hadi chuoni, ukakaa nyuma kabisa kama mkaguzi wa shule. Sikuchagua somo kwa ajili yako. Zamu ilikuwa imefikia Wagothi kwenye mto Danubi. Nikawaeleza wanafunzi jinsi Wahun, wale wapiganaji wa farasi, walivyotokea mashariki, na jinsi Wagothi walivyokimbia, jamii nzima, wake kwa waume, wakafika ukingoni wakanyoosha mikono kuelekea ng'ambo ya pili wakiwaomba Warumi wawavushe. Wakavushwa. Wengine walizama. Waliovuka walikuta chakula kiko mikononi mwa maofisa waliojua bei ya njaa. Inasimuliwa kwamba maofisa hao walikusanya mbwa, wakawauza kwa Wagothi wenye njaa wawe kitoweo, mbwa mmoja kwa mtu mmoja wa kufanywa mtumwa, na kwamba wazazi walitoa hata watoto wao.

Mwanafunzi mmoja, msichana wa mbele, akasema haamini. Huenda ni chumvi ya waandishi, mzazi gani atafanya hivyo?

Nikageukia ubao kutafuta la kumjibu, nikasikia kiti kikiburutwa nyuma. Ulikuwa umesimama.

"Naomba niseme," ukasema, kwa kile Kiingereza chako cha ualimu, kila neno limepigwa pasi. Ukawaambia kwamba kwenu kuna mto, unaitwa Malagarasi, na kwamba vita vilipochacha Burundi watu waliuvuka kuja kwenu. Walimu mliombwa mkasaidie kugawa unga. Mwanamke mmoja alikuja mezani kwako na mtoto, akamsukuma mbele, akasema, "Mchukue huyu wewe, kwako atakula."

Nilikuwa nimeishi nawe miaka yote hiyo na sikuwahi kulisikia hilo. Nilichokumbuka ni wewe kurudi jioni na kusogeza sahani pembeni, na Mama kutukonyeza tusikuulize.

"Sikumchukua," ukasema. "Nilimpa unga kabla ya zamu yake, nikakaripiwa. Lakini yule mama hakuwa mzazi mbaya, binti yangu. Na hao maofisa walijua. Mtu akisimama mbele yako na njaa, na unga uko kwako, unajua kabisa unachoweza kumfanya."

Ukakaa. Yule msichana alisema asante, kwa sauti ndogo.

Kwenye basi ulitazama nje muda wote. Tulipokaribia kwetu ndipo ukasema, "Nilikuwa nawachukia kwa raha zangu, Mama. Sasa umenivuruga."

"Hao si wale waliomchukua babu yako."

"Najua. Ila walikuwa wakimbizi." Ukavuta pumzi. "Halafu baada ya hapo?"

Nikakuambia. Waliasi, wakamuua mfalme wa Roma vitani, na watoto wa wale waliovushwa wakilia ndio walioingia Roma yenyewe kuipora.

"Kwa hiyo mtu akiteswa hajifunzi."

"Wengine hujifunza, Baba. Wengine hujifunza kutesa."

"Na babu yangu hakurudi," ukasema.

"Hakurudi."

Hukutaka nikufariji, nami sikujaribu. Wiki chache baadaye ulitaka kurudi nyumbani, nikakusindikiza hadi uwanja wa ndege. Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu uliniuliza juu ya Wavandali, wale waliofika mpaka Afrika Kaskazini. Waliishia wapi? Nikasema walishindwa vitani, wakatawanywa, lugha yao ikafa. Labda damu yao ingalipo kwa watu wa huko, lakini hakuna anayejiita hivyo. Ukasema nimpe Neema simu. Mlizungumza mpaka sikio lake likapata moto. Hajawahi kuniambia mlisema nini.

Jana, tukitoka kanisani, nilimweleza Neema habari za Ujerumani. Nilidhani atafurahi, maana mimi mwenyewe miguu ilishaanza kuniwasha kwa hamu ya safari. Akasimama katikati ya maegesho, watu wakitupita na sahani zao za pilau.

"Siendi," akasema.

"Ni kazi nzuri, mwanangu. Hapa tumekuwa wapita njia tu."

"Wewe ndiye mpita njia. Mimi nimezaliwa hapa. Hapa ndipo kwetu."

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetaja anwani yake, akaingia kwenye gari la rafiki yake akaniacha nisubiri basi.

Baba, nimewasoma watu hawa nusu ya maisha yangu. Nimechora njia zao kwenye ramani kwa mishale, kutoka kaskazini hadi Danubi, kutoka Danubi hadi Roma. Sijawahi hata siku moja kujiuliza juu ya watoto waliozaliwa katikati ya mshale, ambao kwao pale wazazi walipopaita njiani ndipo palipokuwa na marafiki, na jina la barabara, na mti wanaoujua. Lazima walikuwepo. Lazima kuna waliokataa kupanda gari la ng'ombe.

Sijui wewe ungesema nini. Pengine ungesema niende nikawafundishe wajukuu zao adabu. Pengine ungezunguka jengo kwanza.

Nimewajibu sasa hivi, kabla sijaimaliza barua hii. Nimekataa. Mkataba wangu wa hapa unaisha Aprili na sijui kitakachofuata. Miguu bado inataka kuondoka, Baba, hata ninapoandika haitulii chini ya meza. Neema anarudi shuleni muda si mrefu, nami nataka anikute nimekaa.

Pumzika, Baba.

Binti yako