Kitabu cha Shemeji Kwenye Kompyuta Mpya

Nyumba ya nyuma ya maktaba,
Jumanne, kabla ya chai.

Mpendwa shemeji Profesa,

Salamu nyingi. Vipi goti? Vipi kifua? Vipi upara, bado unaufunika kwa zile nywele za pembeni? Sisi wazima. Dada yako anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza ipo palepale.

Maktaba yetu imepata mambo mapya. Droo za kadi zimetupwa nje, na yale makompyuta mazee yaliyonguruma kama mashine ya kusaga yamefuata. Zimekuja kompyuta nyembamba, unagusa kioo kwa kidole. Maktaba zote za huku, hata ile ya chuo, sasa zina katalogi moja. Ukiandika jina la kitabu unaonyeshwa kiko wapi na kimeazimwa mara ngapi.

Mara ngapi, shemeji. Umeshaanza kutoka jasho?

Kila barua unauliza kama watu wanasoma kile kitabu chako cha kuwafunza vijana adabu. Dada yako hukujibu kwamba wanakigombania. Basi mimi wa darasa la nne nikakaa mbele ya kioo, nikaandika jina lako kwa kidole kimoja. Maktaba zote zile, nakala ni moja tu, ile uliyotuletea mwenyewe umevaa tai. Kuazimwa: sifuri. Nilicheka mpaka mkutubi akaja kuuliza kama naumwa.

Akanieleza kwamba kitabu kisichowahi kuazimwa kinafutwa Ijumaa hii na kupelekwa kusagwa. Nikaona aibu. Si yangu, yako.

“Basi niazime mimi,” nikamwambia.

“Haiwezekani, mzee. Hakina kibandiko, kompyuta haitakisoma.”

“Si ukibandike?”

“Vibandiko ni vya vitabu vilivyowahi kuazimwa.”

“Sasa kitaazimwaje bila kibandiko, we mama?”

Akakuna kichwa. “Mzee wangu, kichukue tu. Nani atakiulizia?”

Pale mlangoni wameweka mashine inayopiga kelele mtu akitoka na kitabu bila kuandikisha. Juzi ilimpigia mama mmoja makelele kwa kijitabu cha kufuga kuku, maskini akataka kuzimia. Mimi nikapita na chako kwapani. Kimya. Nikarudi, nikapita tena polepole, nikakitikisa kabisa mbele yake. Kimya, shemeji. Kwa mashine ile nilikuwa natoka mikono mitupu.

Dada yako hajui. Bado anawatambia majirani. Nimekificha chini ya godoro upande wangu, nakisoma akienda sokoni. Nimefika katikati, kwa taabu. Pale unapowafundisha vijana kutafuna bila sauti nililala na miwani usoni.

Haya, amua kabla ya Ijumaa. Nikikirudisha, kinasagwa, na mimi nitalazimika kumweleza dada yako kwa nini. Nikikaa nacho, utakuwa na msomaji mmoja duniani, na ndiye mimi.

Nisalimie mkeo mvumilivu, mkweo fundi viatu, na wale mapacha wasiosalimia watu. Mungu akuzidishie miaka, afya na usingizi, ila akunyime wazo la kitabu cha pili.

Akupendaye, hata ukibisha,
Mume wa dada yako.