Kutu ya Mchaichai wa Bibi Yako

Mwanangu Rukia,

Assalaam aleikum. Mimi na mamako tu wazima, alhamdulillahi. Kila Ijumaa twazungumza kwa simu, lakini hili nimeona niliandike, na wengine wakilisoma si neno, kwani kosa nilikufanyia mbele za watu.

Wakumbuka likizo ile ulipokuja ukakuta mchaichai wa bibi yako umechakaa? Mamangu aliupanda uani kwa mkono wake, na tangu afariki mimi ndiye niutunzaye. Chai niuzayo pale Makadara watu huifuata kwa ajili yake. Sasa majani yalikuwa yameingia michirizi ya hudhurungi, ncha zimekauka kama zilizobabuliwa. Shangazi yako Mwanaisha akakata hukumu: "Hicho kijicho. Watu wanywa chai yako, roho zawauma."

Wewe hukubishana. Ulichuma jani ukalipangusa kwenye mkono wa kanzu yangu, ile ya Ijumaa, likaacha unga mwekundu kama wa msumari wa kale.

"Baba, hii ni kutu."

Shangazi yako akacheka. "Kutu yashika mabati, mwanangu. Huko Bara mwafundishwa nini?"

Ukamweleza taratibu kuwa ni kuvu, kidude kisichoonekana kwa macho, kisicho na pa kuishi ila ndani ya jani lililo hai. Hulinyonya, kisha hutoa unga ule, upepo ukaupeleka kwa jani jingine. Na ili kiote, chataka jani lililolowa.

Hapo ukanitazama, nami nikajua. Mamangu alinilea kwamba maji ya udhu hayamwagwi njiani yakakanyagwa. Kwa hivyo mimi hutawadha juu ya beseni, kisha nikayamimina juu ya mchaichai, kila swala, miaka yote hiyo. Nikiuogesha kwa baraka, kumbe namlisha mgeni.

"Mimina shinani, baba. Na huu tuukate mpaka chini, majani tuyachome."

Nilikukaripia. Nikasema chuo chako hakitanifundisha heshima ya udhu, wala mkono wangu hautakata alichopanda mamangu. Ukasema, "Samahani, baba," ukafagia majani yaliyoanguka. Uliporudi chuoni sikukusindikiza.

Yaliyofuata sikukwambia. Kutu ilizidi mpaka wateja wakaniuliza kama nimeanza kupika chai bila mchaichai. Siku moja baada ya Laasiri nikamwuliza imamu wetu kama kuyamimina shinani kuna ubaya. Akanitazama. "Bwana wee, kwani mti hunywea wapi?"

Nikarudi nyumbani, nikasema bismillahi, nikakata. Mamako akayachoma majani. Uani pakabaki visiki tu, na shangazi yako akawa kila akipita asema, "Umemzika mama mara ya pili." Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nilikuwa nikiamka naenda kuchungulia kabla hata ya kunywa maji.

Kisha machipukizi yakatoka, membamba, ya kijani kitupu. Leo umejaa kuliko nilivyopata kuuona. Hata shangazi yako amekuja kuomba mche. Nilimpa, nikamwambia maji yaenda shinani, ndivyo alivyosema Rukia. Akaubeba mche wake, akaenda kuupanda.

Mwanangu, siku ile haki ilikuwa yako, na adabu pia. Mimi nilikuwa na umri tu. Nisamehe.

Siku hizi mteja akiisifu chai humkalisha nikamweleza habari za kuvu, mwanzo mpaka mwisho, chai yake ikipoa. Juzi mmoja, fundi wa reli, akaniuliza, "Mzee, wewe umesomea wapi haya?" Nikamwambia, "Nimesomeshwa na binti yangu."

Mola akuzidishie elimu yenye manufaa, na akuhifadhi huko uliko.

Babako akuombeaye