Kapita aliyenifukuzisha kazi ametumwa kwangu

Mpendwa Mama Pétronille, naomba msaada wako mbio, maana furaha na hasira vimeniingia pamoja. Tangu kiwanda cha nguo kitufukuze, nilikuwa naenda ku biro ya serikali inayotafutia watu kazi, wananipigia muhuri wa tampo ku karti ya wasio na kazi, narudi mikono mitupu, na huku nyumbani nikajifunza peke yangu kutengeneza karabai za wavuvi wa ndagala, leo timu tisa kati ya kumi na moja za pwani yetu zinaleta taa kwangu, na mikono ni hii miwili. Juzi biro wakaniita, nikavaa shati ya misa, nikajua njo kazi imepatikana, kumbe mkubwa wao ananivutia kiti: "Mwananchi Siméon, rudisha karti. Tumekuandika upande wa wanaotoa kazi." Nilitoka mule nacheka peke yangu barabarani, karti nimeisahau mufukoni.

Lakini muntu wa kwanza waliyemutuma kwangu ni Papa Germain, kapita wangu wa zamani, msimamizi wetu kule kiwandani, aliyetoa jina langu nifukuzwe, mimi niliyeendesha mashine nne, akamuacha kazini shemeji yake aliyeshindwa na mbili. Akasimama mulangoni, kofia mukononi: "Siméon, mwanangu, sasa nitakuita kapita?" Mke wangu Lucie anasema nimukubali. Mimi nataka arudi biro akapange mustari kama mimi. Wanangoja jibu Jumatatu.

Fundi Siméon, Kalemie

Mama Pétronille anajibu: Siméon, hongera. Sasa tulia kidogo.

Ulionewa, hilo silipingi. Lakini taa zimekushinda wingi, mikono imeletwa hadi mulangoni, nawe unataka kuirudisha kwa sababu ya shemeji ya muntu? Mustari ule unaujua, na jua lake. Usimutume mwenzako huko kwa kujifurahisha.

Wala usimuchukue kwa huruma. Desturi ya pwani unaijua kuliko mimi: fundi aliyefungua karabai kuitengeneza analala ziwani na wavuvi usiku wa kwanza, ikizimika ndagala wanatawanyika na matusi yote ni yake. Mupe Germain taa moja, umufundishe, aifungue na kuifunga mwenyewe, halafu apande mutumbwi. Kule hakuna shemeji wa kumubeba. Ikiwaka mpaka asubuhi, Jumatatu peleka jina lake biro. Ikizimika, wavuvi watamufukuza wenyewe, wewe hutasema neno.

Na ile karti hukuisahau, Siméon, unaogopa kuiachilia. Irudishe.

Yeye muite Papa Germain kama zamani. Naye akuite fundi.