Kona ya Kushoto

Karakana, chumba cha vipuri
Ijumaa, saa sita na nusu mchana

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepoa. Shemeji hajambo? Na binti yenu, yule anayeniita baba mdogo kwa sauti ya kuamrisha, bado anagoma kuvaa viatu? Mwambie mpira alioniagiza nimeshaupata, mwekundu kama alivyotaka. Mama hajambo na anakusalimu, ila analalamika kwamba ukimpigia simu unaongea kama mtu anayekimbizwa. Na wewe, bado unajitapa huko kazini kwamba ulinifunga kumi na moja kwa tisa siku ile nyuma ya nyumba? Jitape tu. Shuti lako la mwisho ulikanyaga mstari, na Mama ni shahidi.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kreti la boliti, wenzangu wameenda kula. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua. Ungeisikia sauti yangu ungeniuliza kuna nini, ningejibu hakuna kitu, kisha tungeongea habari za mvua mpaka salio likatike. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Dereva wa lori la vipuri anaondoka saa kumi kuja huko kwenu, na ameahidi kuifikisha mkononi mwako. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote.

Nianze na mpira wa kikapu, maana najua ndiko utakakokimbilia. Tumefika fainali, mara ya kwanza tangu timu hii iundwe. Ni mechi tano, na anayetangulia kushinda tatu ndiye bingwa. Wapinzani wetu ni watu wa idara ya maji, wale wanaotufungia mabomba asubuhi na kutufunga uwanjani jioni. Hivi sasa ni mbili kwa mbili. Mechi ya tano ni kesho saa tisa alasiri.

Shambulizi letu unalifahamu kwa sababu ni lile ulilonichorea kwa mkaa ukutani nilipokuwa darasa la sita, na Mama akakuchapa wewe, si mimi. Mimi napandisha mpira katikati ya uwanja. Kabati, mchomeleaji wetu mpana, anakuja kumziba mlinzi wangu, nami napita kulia kuelekea kikapuni. Walinzi wote wakinikimbilia, narusha pasi kona ya kushoto, na pale anakuwa amesimama Sindano. Sindano ni yule rafiki yangu anayeshona viti vya mabasi hapa karakana. Ndiye anayeshona hata jezi zetu. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya cherehani, alipewa kwa kuwa mpira wake hupita kwenye wavu bila kugusa chuma. Kwa miaka mitatu pasi ile ya kona ndiyo iliyotulisha.

Mechi ya kwanza tulifungwa kwa pointi kumi na nne, na pasi ile ndiyo iliyotuua. Mbili nilizirusha kwa mashabiki. Moja ilimpiga Sindano gotini. Tatu ziliibwa na jamaa wao mmoja mwenye mikono mirefu, ambaye kazini kwake ni kusoma mita, na siku hiyo alinisoma mimi vizuri kuliko mita yoyote. Aligundua mapema kwamba pasi zangu za kushoto zinachelewa. Akaanza kujibanza njiani na kuzingoja, na wenzake wakajazana kulia kunisubiri.

Mwalimu wetu, yule mzee aliyestaafu kufundisha hesabu, hana ubao wa mbinu. Ana vizibo vya soda mfukoni, na anavipanga juu ya meza ya kantini. Kizibo chekundu ni Sindano. Jioni ile alikisogeza chekundu huku na huku akiguna, kisha akasema tatizo ni kwamba Sindano anasimama mahali pamoja mno, hivyo mlinzi anamzoea. Akaagiza mechi ya pili Sindano aanzie chini ya kikapu, Kabati amzibie mlinzi wake, ndipo achomoke kwenda kona. Ilikuwa mbinu nzuri. Sindano alichomoka kila mara, akainua mkono, akaita. Ukumbi ulikuwa na kelele, sikumsikia. Tukafungwa tena, kwa pointi sita.

Baada ya mechi Mwalimu aliniuliza mbele ya wote kwa nini simpi Sindano mpira. Nikajibu kwamba hakuwa wazi.

Kaka, alikuwa wazi. Alikuwa peke yake pale kama abiria aliyeachwa kituoni. Alinitazama, mimi nikainama kufungua kamba za viatu. Mwalimu akakichukua kizibo chekundu, akakitia mfukoni, na Sindano akapelekwa benchi. Kapteni alikuwa mkali zaidi, alimwambia kwamba mwakani asitegemee kuliona jina lake kwenye orodha. Sababu ya mimi kusema vile nitakuambia. Nivumilie kidogo.

Mechi ya tatu Mwalimu alipindua kila kitu. Alimtoa Kabati chini ya kikapu akamleta kwenye mstari wa mitupo ya faulo. Mimi nikivuka nusu ya uwanja nampa mpira yeye, kisha nakimbia kulia, na wengine wawili wanapishana mbele yake. Kabati ana kiganja kama sinia, mpira ukiingia pale hautoki. Watu wa maji hawakujua wamfuate nani. Tukashinda kwa pointi nne, na Kabati alilia hadharani, ingawa anasema ilikuwa jasho.

Mechi ya nne wakamwekea Kabati mtu mbele na mtu nyuma. Robo mbili za kwanza tulikuwa tumekwama kabisa, tuko nyuma kwa pointi kumi na moja. Hapo ndipo nilipofanya jambo bila kumwuliza Mwalimu. Niliacha kupandisha mpira katikati. Nikaanza kuupandisha pembeni kabisa mwa uwanja, mstari wa kushoto unanigusa bega, hivi kwamba wachezaji wengine wote tisa na vikapu viwili vikawa kuliani kwangu. Ghafla nikawa naona kila kitu. Nilifunga, niligawa, nilipenya. Tulishinda kwa pointi moja. Mwalimu alinikumbatia akasema katika miaka yake yote hajaona mchezaji anayesoma uwanja namna ile. Watu walinibeba. Na mimi huko juu mabegani mwao nilikuwa natafuta namna ya kushuka.

Maana katika dakika ya mwisho nilikuwa nalinda, na mtu wao alikuja kuniziba kutoka kushoto. Mtu mzima, mrefu, mwenye jezi ya manjano, na sikumwona hata kivuli. Niligonga kifua chake nikaanguka, na ndani ya jicho ikapiga mimweko kama cheche za kuchomelea. Nikainuka nikicheka. Nimekuwa mtaalamu wa kuinuka nikicheka.

Juzi mchana Sindano aliniita kwenye chumba chake cha kushonea. Akaniwekea kikombe cha chai mezani. Nilipogeuka kuchukua kiti nikakipiga kwa kiwiko, chai ikamwagika juu ya kitambaa cha viti. Hakushtuka. Alikuwa amekiweka kushoto kwangu makusudi. Akaniambia anajua tangu mechi ya pili, kwa sababu mchezaji asiyetaka kukupa mpira anakuona kisha anageuza macho, ila mimi sikugeuza macho, nilikuwa sina habari naye. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Mwalimu. Akasema alifikiri nitasema mwenyewe, kwa hiyo aliona aningoje. Kaka, alikuwa amekaa benchi mechi mbili, anatukanwa na mashabiki, ananingoja mimi. Kisha akafuta chai kwa kipande cha kitambaa akaendelea kushona. Nilitamani anipige ngumi.

Basi sikia sasa. Jicho langu la kushoto halioni. Lilianza na vidoa vyeusi vilivyokuwa vinaelea kama nzi wadogo. Kisha pazia likaanza kuingia kutokea pembeni, kila wiki linasogea. Siku moja baada ya mechi ya pili nilienda hospitali kwa siri, nikamwambia msimamizi naenda kung'oa jino. Daktari wa macho, mama mmoja mpole, alisema ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho imebanduka, na kwamba nilazwe siku ile ile, nisikimbie wala kuruka. Nikamwomba wiki moja. Akasema jicho halijui fainali. Nikatoka hivyo hivyo, nikacheza mechi ya tatu, nikacheza na ya nne. Juzi nilipotoka kwa Sindano nilirudi kwa daktari yule. Akanimulika, akasema ningelazwa siku ile ya kwanza angekuwa na la kuniahidi. Sasa atajaribu tu. Mashine yangu ya kuchonga vyuma inataka macho mawili, Kaka. Ninaogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku tuliyomzika Baba.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya nirarue karatasi mbili kabla ya hii. Daktari aliniuliza kama niliwahi kupigwa usoni. Niliwahi. Ni siku ile nyuma ya nyumba, tukiwa tisa kwa tisa, tuliporuka wote kugombea mpira uliogonga pete, na kiwiko chako kikashuka juu ya jicho langu. Unakumbuka ulinifuta damu kwa fulana yako, ukaniuliza kama naona, nikasema naona, tucheze. Na kweli siku hiyo nilikuwa naona. Vidoa vilianza siku ya nne, ukiwa umeshasafiri.

Usidhani nilikuficha kwa huruma tu. Huruma ilikuwepo, maana najua usingeugusa mpira tena. Lakini zaidi nilikuficha kwa sababu ungeniambia niache kucheza, na mimi nisingekuwa na la kukujibu. Nilitaka kombe. Nililitaka kiasi cha kumtupa rafiki yangu benchi ili nisitolewe mimi. Ndivyo nilivyo, na sina wa kumsingizia. Kiwiko chako hakikumsema uongo Sindano. Huo ni mdomo wangu.

Leo asubuhi kabla ya kazi nilimkuta Mwalimu kantini akipanga vizibo vyake, akinichorea njia mpya ya kupita kushoto. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Aliuliza nani mwingine anajua, nikamtajia Sindano. Akavikusanya vizibo kimoja kimoja, akaenda mpaka chumba cha kushonea, akavua kofia, akamwomba radhi kijana anayeweza kuwa mjukuu wake. Aliporudi alikitoa kile chekundu mfukoni akakiweka kona ya kushoto. Alisema watu wa maji wametumia wiki nzima kutega mtego pembeni mwa uwanja ili kunisukuma kulia, basi watutegee vizuri, hawatanikuta. Mpira atapandisha mwenzetu anayepaka mabasi rangi. Mikono yake ni mizito, lakini ana macho mawili. Nimeshinda naye asubuhi hii kati ya mabasi mabovu, namfundisha pasi yako ya kona, na Sindano amesimama karibu na tairi akiidaka. Katika ishirini alipatia saba. Sijui kama tutashinda. Kusema kweli, sidhani. Kapteni hanisemeshi, na ana haki.

Kesho nitakaa benchi, mwisho kabisa upande wa kushoto, ili uwanja wote uwe kuliani kwangu. Jumatatu saa mbili asubuhi ndiyo operesheni. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa ndugu atakayesaini, nikakuandika wewe. Palikuwa pia na mahali pa chanzo cha jeraha. Niliandika "mpira", na daktari hakuuliza zaidi. Mama sijamwambia. Tafadhali njoo tumwambie pamoja, mimi peke yangu sitaweza. Usije na maneno ya kuomba msamaha, sitayapokea. Njoo tu.

Nisalimie shemeji, mshike binti yenu mkono kwa niaba yangu, na dereva mpe angalau maji ya kunywa, ametoka mbali. Wodi ya macho iko ghorofa ya pili, kitanda changu kitakuwa karibu na dirisha. Ukiingia usisimame pale pale mlangoni ukaanza kuniita, maana mlango uko kushoto. Zunguka kitanda, uje kulia, nikuone.

Ni mimi mdogo wako,
Usukani